Medaye ya kuanzisha muji: tutaweka sura ya nani?

Tarehe 5 mwezi wa 11 mwaka 2026 itatimia miaka 150 tangu musafara mukubwa ulipotoka Nyangwe, kule Maniema, na kufuata muto Lualaba kuelekea kaskazini. Mbele ya musafara ule kulikuwa watu wawili. Mumoja ni Henry Morton Stanley, mwandishi wa magazeti. Mwingine ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, mufanya biashara ya pembe za tembo na ya watumwa kutoka Zanzibar, mwenye sisi wote huku tunamujua kwa jina la Tippu Tip. Walipatana dolari 5,000 ili Tippu Tip na watu wake wenye bunduki wamusindikize Stanley ndani ya pori. Mbele ya mwaka ule kuisha Tippu Tip alirudia njiani, na Stanley aliendelea mpaka kwenye bahari ya Atlantiki.

Mwezi wa 12 mwaka 1883 Stanley alifika tena kwenye maporomoko ya muto, safari hii kwa mashua za moshi. Aliacha pale fundi mumoja Muskoti, jina lake Binnie, na askari wachache. Posti ile ndogo ndiyo vitabu vinaita mwanzo wa muji wa Kisangani. Ukihesabu, miaka 150 ya posti ile itatimia mwaka 2033. Kwa hiyo kuko miaka saba yenye jubile zitafuatana kwenye muto huu mumoja.

Kwetu tunajua ginsi jubile inaanza. Inaanza na komite. Komite inaomba makuta, inatengenezesha vikwembe vyenye picha, inaalika gavana na meya, kisha mutu mumoja anainua mukono na kusema: tufanye na medaye. Wote wanapiga makofi, juu medaye ni kitu kizuri, ni kidogo, kinaingia mufukoni, kinabaki nyumbani hata kisha feti kuisha.

Lakini medaye iko na shida moja. Iko na pande mbili tu, na nafasi ya sentimita chache. Upande mumoja unapokea kichwa cha mutu, upande mwingine unapokea maneno machache na mwaka. Ukiandika "mwanzilishi" chini ya kichwa kimoja, umesema mambo mawili kwa mara moja. Umesema ni nani mwenye muji. Na bila kufungua kinywa umesema pia ni nani mugeni. Katika majimbo yetu ya mashariki, kwenye watu wanafukuzwa, wananyimwa shamba, hata wanauawa juu ya swali "wewe ni wa wapi?", kusema ni nani mwenye muji si mambo ya mapambo. Ndiyo sababu inafaa tuzungumuze mapema, wakati komite hazijatuma michoro kwa mufua chuma.

Soko lilikuwa pale

Tuanze na Nyangwe, juu ndiko musafara ulitokea. Wafanya biashara wa pwani walifika pale karibu na mwaka 1860. Walijenga nyumba za udongo, walipanda michele, walifanya mahali pa kuchungia pembe. Vitabu vingi vya zamani vinasema wao ndio "walianzisha" Nyangwe.

Lakini David Livingstone, mwenye alifika pale mwaka 1871, aliandika sana juu ya kitu kingine: soko. Wanamuke wa Manyema walikuwa wanatoka pande mbili za muto, wengine kwa mitumbwi, wakibeba samaki, mihogo, mafuta ya ngazi, vyungu, kuku. Walikuwa mamia na mamia. Watu wa vijiji vyenye havikuelewana walikuwa wanakutana pale bila vita, juu siku ya soko ilikuwa na sheria yake. Wafanya biashara wa pwani hawakuleta sheria ile. Waliikuta, na walikula juu yake.

Tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 1871, watu wa wafanya biashara wale walifyatua bunduki katikati ya soko. Wanamuke walikimbilia mutoni, wengi walizama. Livingstone aliona kwa macho yake. Hesabu yenye Waarabu wenyewe walimupa ni kati ya watu 330 na 400 waliokufa. Hakuna jina hata moja la wanamuke wale lenye lilibaki katika vitabu.

Sasa uliza: kama leo tunafanya medaye ya Nyangwe, ni nani mwanzilishi? Mwenye kujenga nyumba ya kuwekea pembe, ao mwanamuke mwenye alikuwa anaweka chungu chake pale kila siku ya soko, na mama yake mbele yake? Muji ni watu kukutana na kubadilishana. Kwa hesabu hiyo, Nyangwe ilikuwa iko mbele ya bunduki ya kwanza kufika.

Kwa Kisangani ni vile vile. Mbele ya Binnie na askari wake, Wagenya walikuwa kwenye maporomoko, wakifunga miti mikubwa ndani ya maji na kutundika mitego ya samaki, namna wanafanya mpaka leo. Kila mugeni anapiga picha za mitego ile. Ukiuliza ni nani alianzisha muji, anakujibu: Stanley.

Mufanya biashara anajiita mujukuu

Kuko jambo moja katika maisha ya Tippu Tip lenye watu wengi hawalijui, na lenye linafaa tulijue. Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na yaliandikwa. Mule ndani anasimulia namna alipata utawala katika inchi ya Utetera. Hakusema tu "nilishinda kwa bunduki". Alisema alimuendea shefu muzee, Kasongo Rushie, na kumueleza kwamba bibi yake wa zamani alikuwa binti wa ukoo ule, mwenye alikamatwa katika vita na kupelekwa mbali. Kwa hiyo yeye, Tippu Tip, ni mujukuu aliyerudi nyumbani. Muzee alikubali na alimuachia utawala.

Ukweli wa hadizi ile, kila mutu atauhukumu. Lakini angalia maana yake. Mutu mwenye bunduki nyingi kupita wote katika eneo lile aliona bunduki hazitoshi. Alihitaji kusema: mimi pia ni mutoto wa hapa. Ni maneno yale yale yenye tunasikia leo kwenye mikutano, kwenye mahakama, kwenye mambo ya bushefu na ya mashamba. Babu yangu alizikwa hapa. Nyanya yangu ni wa ukoo huu. Wanasiasa wa leo hawakuanzisha muchezo ule. Mufanya biashara aliucheza miaka 150 iliyopita.

Kisha hapo Kasongo ikakuwa muji mukubwa wa Tippu Tip na watu wake. Kulikuwa mashamba makubwa ya michele, miti ya matunda kutoka pwani, nyumba zenye milango ya kuchongwa. Mahali pa Kasongo ile ya zamani panaitwa Tongoni, na wachunguzi wa mambo ya kale walichimba pale katika miaka ya karibuni. Dini ya Kiislamu yenye iko na mizizi Maniema ilipita pale. Kiswahili chenye unasoma sasa hivi kilipita pale, kwa vinywa vya Wangwana, mpaka tukaita luga yetu Kingwana.

Lakini mashamba yale yalilimwa na watumwa. Pembe zile zilibebwa na watu wenye minyororo. Katika vijiji vingi vya Maniema, vya Tshopo na vya Kivu, wazee wanaita nyakati zile nyakati za Batambatamba, na hawasemi jina lile kwa kucheka. Medaye yenye kichwa cha Tippu Tip na neno "mwanzilishi" itakuwa matusi kwa familia zile. Na kumufuta kabisa, kana kwamba Kasongo ilianguka kutoka mbinguni, ni uongo wa namna ingine.

Medaye za zamani zilienda kwa nani

Wengine watasema: basi tuweke wale walioondoa biashara ya watumwa. Maneno hayo yalishafanyiwa kazi, na tunajua matokeo yake.

Mwaka 1887 mufalme Leopold wa pili, kwa mukono wa Stanley, alimufanya Tippu Tip kuwa wali, maana yake gavana, wa Stanley Falls. Alipewa mushahara wa paundi 30 kwa mwezi. Kumbuka: posti ile ilikuwa imeshambuliwa na Waarabu mwaka 1886 na kuachwa katika moto. Leta haikuwa na nguvu ya kuirudisha, basi ilimuajiri mutu mwenye nguvu pale. Mufanya biashara ya watumwa alikuwa mufanyakazi wa Leta.

Miaka tano baadaye mapatano yaliharibika. Tippu Tip alikuwa ameshaenda Zanzibar mwaka 1890. Katika mwaka 1892 mpaka 1894 Leta ilipigana na wana na ndugu za wafanya biashara wale. Nyangwe ilikamatwa mwezi wa 3 mwaka 1893, Kasongo mwezi wa 4. Sefu, mutoto wa Tippu Tip, aliuawa mwaka ule ule.

Kisha heshima ziligawanywa. Kamanda Francis Dhanis alifanywa baroni. Tangu mwaka 1889 kulikuwa medaye yenye iliitwa Étoile de service, nyota ya kazi, kwa wenye walimaliza miaka yao mitatu Kongo. Kule Bruseli, katika bustani ya Cinquantenaire, kulisimamishwa mwaka 1921 sanamu kubwa ya mawe kwa ajili ya Wabeljiji wa kwanza wa Kongo, na maneno yenye kusifu askari wa Ubeljiji kwa kumaliza "Mwarabu mwenye kufanya utumwa". Neno "Mwarabu" lilikuja kukwanguliwa. Mpaka leo watu wanabishana kama lirudishwe ao hapana.

Na mutu mwenye kufungua mulango wa Kasongo? Jina lake ni Ngongo Lutete. Alikuwa na jeshi kubwa, alipigania wafanya biashara, kisha mwaka 1892 alivuka upande wa Leta. Bila wapiganaji wake, Dhanis hangefika Nyangwe vile alifika. Mwezi wa 9 mwaka 1893 maofisa wa Leta ile ile walimushitaki kuwa musaliti na kumupiga risasi. Wapiganaji wa Ngongo walibeba vita mabegani, lakini hakuna kichwa cha mumoja wao juu ya mawe ya Bruseli.

Kwa hiyo medaye haisemi ni nani alifanya kazi. Inasema ni nani alibaki na karatasi na wino wakati kazi iliisha.

Shefu wa medaye

Kuko medaye ingine yenye ilifika mpaka ndani ya vijiji vyetu, na hii matokeo yake tunayakula mpaka leo. Tangu mwaka 1891, na zaidi kisha sheria ya mwaka 1910, Leta ilianza kuandika mashefu. Yule mwenye Leta ilimukubali alipewa medaye ya chuma ya kuvaa kifuani. Wazungu walimuita "chef médaillé", shefu mwenye medaye. Kazi yake ilikuwa kutoa kodi, kutoa watu wa kazi, kufikisha amri.

Katika sehemu nyingi, mwenye udongo wa kweli hakutoka nje. Wazee walijua kwamba mwenye kujitokeza mbele ya muzungu atapewa mizigo na fimbo. Walitoa mutu mwingine: kijana, mutumishi, mutu mwenye kujua Kiswahili, wakati mwingine mutu wa Wangwana mwenye alikuwa na mazoea ya kusema na wageni. Huyo alivaa medaye. Nyuma ya nyumba, watu waliendelea kumusikiliza muzee wao.

Basi muda ulipita. Muzee alikufa, medaye ilibaki. Mutoto wa mwenye medaye alikuta jina la baba yake katika vitabu vya Leta. Mutoto wa muzee hakukuta kitu. Leo wote wawili wako mbele ya tribinali, mumoja na karatasi, mwingine na hadizi ya ukoo, na kila mumoja anasema ukweli wake. Nenda kwenye teritwari yoyote ya mashariki, uliza juu ya ugomvi wa bushefu ao wa mipaka ya grupema. Mara nyingi utakuta mwanzo wake ni siku ile, muzungu alipofunga kipande cha chuma kifuani mwa mutu mumoja na kumupita mwingine.

Medaye ile haikukumbusha mambo yaliyokuwa. Iliumba mambo mapya. Medaye ya jubile iko na hatari ile ile. Leo ni zawadi ya feti. Kisha miaka 40 mutu ataileta mbele ya muamuzi na kusema: angalieni, hata muji wenyewe uliandika kwamba babu zetu ndio walianzisha.

Chicago walibishana miaka mingi

Sisi si watu wa kwanza wenye shida hii. Kuko muji wa Chicago, katika jimbo la Illinois, Marekani. Wasomaji wetu wengi wanajua jina lile juu wako na ndugu wakimbizi wenye walipelekwa Illinois. Muji ule pia ulianza kwa mufanya biashara wa mupakani, na uligombana juu ya ni nani wa kuheshimiwa.

Mutu wa kwanza mwenye alitoka mbali na kujenga makao ya kudumu kwenye kinywa cha muto wa Chicago alikuwa mutu mweusi, mwenye kusema Kifaransa: Jean Baptiste Point du Sable. Alikuwa anafanya biashara ya ngozi za wanyama. Alioa mwanamuke wa kabila la Wapotawatomi, Kitihawa, na ndoa ile ndiyo ilimupa nafasi katika inchi ile. Alipouza mali yake mwaka 1800 kulikuwa nyumba nzuri, kinu, mahali pa kuoka mikate, ng'ombe 30. Kisha askari wa Marekani walijenga boma pale mwaka 1803, Fort Dearborn, na mufanya biashara muzungu, John Kinzie, alishika nyumba ya Du Sable mwaka 1804. Kwa zaidi ya miaka mia moja Kinzie ndiye alisifiwa kuwa baba wa Chicago.

Mwaka 1933 muji ulifanya jubile ya miaka 100, na maonyesho makubwa sana. Watu waliuza medaye ndogo ndogo za ukumbusho, na nyingi zilikuwa na picha ya boma la askari, Fort Dearborn. Bendera ya Chicago iko na nyota, na moja ni ya boma lile. Wanamuke weusi wa Chicago, wakiongozwa na Annie Oliver, walipigana mpaka wakapata kusimamisha nyumba ndogo ya mufano wa Du Sable ndani ya maonyesho. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1968 ili Leta imutambue kuwa mwanzilishi. Mwaka 2021 barabara kubwa ya kando ya ziwa ilipewa jina lake.

Ni ushindi wa haki, na sisi weusi tunaufurahia. Lakini angalia kilichobaki nje. Mwaka ule 1833, wenye jubile ilihesabia miaka 100, ndio mwaka Wapotawatomi walitia mukono kwenye mukataba wa kuacha inchi yao na kuhamia magaribi ya muto Mississippi. Feti ya kuzaliwa kwa muji ilikuwa pia kumbukumbu ya kufukuzwa kwa wenye inchi. Na Kitihawa, mwenye bila yeye Du Sable hangekaa pale, jina lake ni watu wachache tu wanalijua. Chicago ilibadilisha kichwa juu ya medaye, kutoka muzungu kwenda mweusi. Lakini swali "ni nani mwanzilishi" lilibaki na jibu la mutu mumoja.

Mwaka wenye unachagua unachagua watu

Mutu anaweza kusema: sawa, tuache vichwa, tuandike mwaka tu. Lakini mwaka pia si kitu cha bure. Wakongomani tunalijua hilo kupita wengine.

Sheria ya uraia ya mwaka 1981 ilisema Muzairwa wa asili ni mutu wa kabila lenye lilikuwa ndani ya mipaka ya inchi tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 1885. Sheria ya mwaka 2004 iliacha tarehe ile na ikashika wakati wa uhuru. Kati ya 1885 na 1960 kuko miaka 75, na ndani ya miaka ile kuko maelfu na maelfu ya familia: wengine walihama wenyewe, wengine waliletwa na Wabeljiji kufanya kazi katika mashamba na migodi. Kubadilisha tarehe moja katika karatasi kulitia watu ndani ao kuliwatoa inje. Tunajua pia ni vita gani zilipata kuni kutoka pale.

Na angalia: tarehe 1/8/1885, Kasongo ilikuwa muji wenye watu wengi, chini ya wafanya biashara wa pwani. Leta ya Leopold ilikuwa haijafika pale. Wangwana walikuwa pale. Watumwa wao kutoka makabila kumi na zaidi walikuwa pale, na watoto wao walizaliwa pale. Watetela, Wakusu, Wazimba, Wasongola na wengine walikuwa katika eneo lile mbele yao. Kwa hiyo hata ukishika tarehe ya zamani zaidi, haupate muji wa kabila moja. Unapata tayari watu wenye kuchanganyika. Mwenye kumuambia Muislamu wa Kasongo "rudi kwenu Zanzibar" hajui historia ya Kasongo. Na mwenye kujivuna kwamba babu yake alitawala Kasongo ajue pia babu yake alitawala nani, na kwa njia gani.

Basi tufanye nini?

Hatusemi watu wasifanye feti. Watu wetu wameona mateso ya kutosha, wako na haki ya kufurahia muji wao. Hatusemi pia medaye ni mubaya. Tunasema mambo manne, ili yazungumuzwe mapema.

La kwanza: tuache neno "mwanzilishi". Tuandike kile chenye kilifanyika. Mwaka 1876, musafara wa Stanley na Tippu Tip ulipita hapa. Mwaka 1883, Leopold aliweka posti hapa. Kupita na kuweka posti si kuanzisha muji. Maneno hayo ni ya kweli, hayamupi mutu udongo, hayamunyanganyi mwingine.

La pili: tuweke picha ya mahali na ya kazi, si ya kichwa. Nyangwe iko na soko lake na muto wake. Kisangani iko na mitego ya Wagenya. Kasongo iko na michele. Hakuna mutu ataleta picha ya chungu mbele ya tribinali kuomba shamba. Na kila mama wa soko ataangalia medaye ile na kujiona.

La tatu: kama tunataka tarehe ya kukumbuka wafu, tunayo. Tarehe 15 mwezi wa 7, siku ya soko la Nyangwe. Kila kabila la eneo lile linaweza kusimama siku ile bila kumutukana mwingine, juu wenye walikufa walikuwa kwenye kazi ya kutafuta chakula, na walitoka pande mbili za muto.

La ine: komite isiwe ya wakubwa peke yao. Aingie muzee wa udongo na shefu mwenye karatasi, wote wawili. Waingie Wagenya, imamu, padri na pasta. Waingie wanamuke wa soko. Waingie pia wale wenye babu zao waliletwa kwa minyororo, juu katika miji yetu watu wa namna ile ni wengi, hata kama kwa haya hawasemi. Kila mumoja aulizwe swali moja: ukipewa medaye hii, utaivaa ao utaifunga kabatini? Kama kuko hata kikundi kimoja chenye kitaifunga, mchoro urudi mezani.

Itachukua muda, na itauzi watu. Komite itasema: feti iko karibu, makuta yalishatoka, mufua chuma anangoja. Shefu wa medaye pia alichaguliwa kwa haraka, asubui moja, juu muzungu alikuwa na safari. Ugomvi wake unakaribia miaka mia na makumi, na haujaisha.

Wewe mwenye unasoma, kama kwenu kuko muzee mwenye anajua namna medaye ya shefu ilifika katika kijiji chenu, mukae naye, umuandike, maneno na majina, angali ana nguvu ya kusema. Kazi ile haihitaji komite wala gavana. Na siku komite itakuja na muchoro wake, utakuwa na kitu cha kuweka juu ya meza.